Sura ya Sita: Msafara Huanzia Garaji

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, lina masharti yanayoamua gari lipi liitwe la kihistoria na lipi libaki kuwa kuukuu tu. Gari liwe limetimiza angalau miaka 30. Liwe limetunzwa katika hali inayolingana na historia yake. Na lisiwe gari la kutumika kila siku. Masharti mawili ya kwanza hayana ugomvi mkubwa. La tatu ndilo linalostahili kusimamishwa na kuhojiwa, kwa sababu maana yake ni kwamba gari hupata heshima siku linapoacha kazi. Corolla ya 1992 iliyofunikwa turubai katika banda la tajiri wa Brussels imeshahesabiwa kuwa urithi. Pacha wake, aliyetoka kiwanda kilekile mwaka uleule na ambaye mpaka leo anabeba abiria na magunia kati ya Buyenzi na katikati ya Bujumbura, hahesabiwi, na kwa sharti hilo hatahesabiwa kamwe maadamu anaendelea kufanya kazi aliyoundiwa. Sura hii inadai kinyume chake. Kinachofanya gari la zamani liwe urithi ni ujuzi wa kuliendesha na kulitengeneza, na bati ni ganda tu la ujuzi huo. Ujuzi haukai chini ya turubai. Hukaa mikononi mwa mafundi, na safari ya gari kuukuu kwenda kujiunga na wenzake ni njia mojawapo nzuri ya kuupima na kuurithisha.

Buyenzi inafaa kuwa mahali pa kuanzia hoja hii. Ni mtaa ambao Wabelgiji waliupanga wakati wa ukoloni kwa ajili ya Waswahili wa Bujumbura, yaani watu ambao biashara na misafara ya Ujiji na Manyema iliwafikisha ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Njia zake zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, nazo huitwa kwa namba. Kiswahili ndiyo lugha ya barazani, sokoni na msikitini, katika nchi ambayo Kirundi kingetosha kwa karibu kila jambo. Na katika Burundi yote, mwenye gari bovu anaujua mtaa huu hata kama hajawahi kukaa humo. Hapa kuna fundi wa injini, na hatua chache mbele kuna fundi bodi anayenyoosha mlango uliobonyea. Yupo wa umeme, yupo anayechomelea rejeta iliyotoboka, na wapo wauzaji wa vipuri vilivyotolewa kwenye magari yaliyokwisha kazi. Wasemavyo Bujumbura ni garaji, wasemavyo Dar es Salaam ni gereji. Jina limepitia kwa wakoloni tofauti, kazi ni ileile. Kijana huingia kama mwanagenzi, akaanza kwa kuosha vipuri kwa petroli na kukabidhi spana, na baada ya miaka kadhaa anaijua injini kwa mlio wake.

Anayedhani kwamba chombo cha zamani huhifadhiwa kwa kupumzishwa atazame ziwani, si mbali na Buyenzi. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani, wakikimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziling'olewa zikawekwa za dizeli. Kwa miongo mingi ilibeba abiria, dagaa na mahindi, na kuna wakati ilikuwa ikifika hadi Bujumbura. Meli hiyo imekuwa chini ya maji, imebadilishwa jina, bendera na moyo, lakini hakuna anayesema si ile iliyojengwa Papenburg. Iliokolewa mara mbili, kwanza na mafuta ya fundi aliyejua kwamba kilichozama kinaweza kuibuka, kisha na kazi, maana meli yenye abiria wanaoingoja haina budi kutengenezwa. Lau ingeegeshwa mwaka 1927 kama ukumbusho wa vita, huenda leo tungekuwa na picha yake tu.

Tuichukue sasa safari yenyewe. Gari la miaka 30 au 50 linalotoka Buyenzi kwenda kukutana na magari ya kale ya Tanzania au Kenya linaanza na mtihani mgumu kuliko yote kabla dereva hajazoea kiti. Bujumbura ipo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Bugarama, umbali wa kama kilomita 35 tu kwa barabara ya kwanza ya taifa, ipo juu ya mita 2,000. Injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa kuwa hewa inapungua. Kabureta haina akili ya kulijua hilo. Inaendelea kumimina petroli kwa kipimo cha ziwani, moshi unageuka mweusi, plagi zinaziba masizi. Maji nayo, kadiri gari linavyopanda, huchemka kwa joto dogo zaidi, na rejeta yenye kifuniko kilicholegea itatapika kabla ya kilele. Anayeshuka kutoka huko naye ana mtihani wake: breki za ngoma zikibanwa mfululizo hupata moto hadi zinaacha kushika, na dereva asiyejua kushuka kwa gia ndogo atajifunza kwa gharama kubwa. Yote haya yana dawa, na dawa hiyo haikuandikwa katika kitabu kinachokuja na gari. Inajulikana kwa wale ambao kila siku hupokea magari yaliyoshindwa na mlima huo.

Baada ya Bugarama njia hupita Kayanza, Ngozi na Muyinga hadi mpaka wa Kobero, na hapo kinatokea kitu ambacho wapenda magari wa Ulaya hawakizoei. Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara. Tanzania huendesha kushoto. Magari mengi ya Burundi yametoka Japan kupitia bandari ya Dar es Salaam, usukani ukiwa kulia, kwa hiyo dereva wake huishi upande usiomfaa: akitaka kulipita lori, anategemea macho ya aliyekaa kando yake. Akivuka Kobero, ghafla gari lake liko nyumbani. Kinyume chake, Peugeot 504 yenye usukani wa kushoto, iliyojisikia mwenyeji tangu Bujumbura, sasa ndiyo mgeni. Hakuna gari linalokuwa mwenyeji njia nzima, na hivyo hakuna dereva wa gari la zamani anayeweza kusafiri peke yake kwa salama. Utingo si pambo. Ni jicho la pili. Wahenga walisema msafiri ni masikini ajapokuwa sultani, na anayesafiri na injini ya mwaka 1970 ni masikini zaidi, kwa kuwa katika kila mji atahitaji mtu asiyemjua.

Hii ndiyo sababu ya kujiunga na kundi, na katika eneo hili sababu hiyo ni ya kale kuliko petroli. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ujiji hawakuelekea Bagamoyo mmoja mmoja. Njia ya kati ilipita Tabora, na hapo vikundi vidogo viliungana na vikubwa, kwa kuwa wingi ulikuwa ulinzi, ghala la chakula na duka la vipuri kwa wakati mmoja. Magari yalipokuja, yaliirithi desturi hiyo. Msafara wa Citroën ulioondoka Colomb-Béchar, Algeria, tarehe 28 Oktoba 1924 chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil ulikuwa na magari manane yenye mikanda ya mpira badala ya matairi ya nyuma. Ulipofika Kampala uligawanyika makundi manne, moja likielekea Mombasa, jingine Dar es Salaam, la tatu Msumbiji na la nne Cape Town, yakiwa na lengo la kukutana Antananarivo. Dunia iliwakumbuka viongozi na mabango mazuri ya tangazo. Lakini kilichofanya magari hayo yafike ni akiba za petroli na vipuri zilizotangulizwa njiani, pamoja na makanika waliosafiri nayo. Ukiyaondoa hayo, lile lilikuwa tangazo la biashara lililokwama mchangani.

Ushahidi wa mashindano makubwa unasema hivyohivyo. Mwaka 1907 kabaila Scipione Borghese alishinda safari ya Beijing hadi Paris kwa gari la Itala. Njiani, ndani ya Urusi, gurudumu lake la mbao lilivunjika, na aliyemwokoa ni seremala wa kijijini aliyechonga upya kilichovunjika kwa shoka. Borghese ana picha katika vitabu, na Itala yake ipo katika jumba la makumbusho Turin; seremala hana jina. Karibu nasi zaidi ni Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, akiwa na nduguye Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mashindanoni mwaka uliotangulia. Gari la mkono wa pili liliwashinda wenye magari mapya. Wengi walieleza ushindi ule kwa ujasiri wa dereva, lakini kabla ya kuwa dereva Joginder alikuwa fundi, mtu aliyekulia katika garaji ya baba yake. Alijua ni wapi Volvo ile ingeumia kabla haijaumia. Tangu 2003 Kenya imekuwa na mashindano ya magari ya kale yanayofuata nyayo za Safari ya zamani, na yeyote anayeyafuatilia anajua kwamba usiku, madereva wanapolala, ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wenye kupenda uhalisi. Watasema magari ya Buyenzi hayawezi kuitwa ya kihistoria kwa sababu yamechanganywa: bodi ya mwaka huu, giaboksi ya mwaka ule, rejeta ya gari la jamii nyingine kabisa. Hoja hii ina uzito, na mtu aliyewahi kuona injini iliyofungwa kwa waya haikatai. Hata hivyo haitumiki kwa haki. Magari ya Kimarekani ya Cuba, yaliyobaki kisiwani baada ya vikwazo vya miaka ya 1960, mengi yana injini za dizeli zilizotolewa kwenye magari mengine kabisa, na bado dunia nzima huyapanga foleni kuyapiga picha na kuyaita hazina. Watu wa pwani nao walilitatua suali hili zamani. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja leo na mwingine mwakani, tanga likachakaa likashonwa jipya, na jina likabaki lilelile kwa kuwa nahodha, bandari na kazi havikukatika. Liemba yenyewe ilibadilishwa injini. Kuna mabadiliko yanayoficha historia ya chombo, na kuna mabadiliko ambayo ndiyo historia yake. Kipuri kilichokerezwa Bujumbura mwaka ambao cha kiwandani hakikupatikana ni waraka wa mwaka huo, sawa na muhuri wa forodha. Kinachotakiwa ni kuuandika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa wenyeji. Litasema: msilipambe tatizo. Watu wa Buyenzi hawatunzi magari kuukuu kwa mapenzi ya kale. Wanayatunza kwa kuwa mapya hayanunuliki, na kuuita uhitaji urithi ni kumsifia mtu kiraka cha kanzu yake. Ni kweli, na mwandishi asiyeikubali kweli hiyo hafai kusomwa. Lakini chanzo cha ujuzi hakiufanyi ujuzi kuwa bandia. Uashi wa mawe ya matumbawe katika miji ya Uswahilini ulitokana na kile kilichopatikana ufukweni, na leo Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000. Shida ilimlazimisha fundi wa Buyenzi kujifunza. Alichojifunza baada ya kulazimishwa ni mali yake, na ni mali adimu inayozidi kuadimika. Magari mapya yanaongozwa na kompyuta. Hitilafu husomwa kwa mashine, na kipuri hutolewa kizima na kuwekwa kizima. Vijana wanaojua kusafisha kabureta, kusaga vali au kuweka muda wa cheche kwa sikio wanapungua mwaka baada ya mwaka, hata Ulaya, ambako mwenye gari la 1960 hulipa pesa nyingi kumpata mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo anayemhurumia fundi wa Buyenzi angefanya vyema zaidi kumlipa. Msafara wa magari ya kale ni soko ambalo ujuzi wake una bei.

La tatu linahusu usalama, moshi na mafuta. Hapa mtetezi wa magari ya zamani hana budi kukubali mengi. Chombo cha kuzama hakina usukani, na gari lisilo na breki halitetewi na umri wake. Likatwe, vipuri vyake viponye mengine. Moshi wa kila siku katika mji wenye watu wengi ni madhara ya kweli. Hata hivyo moshi ni lugha ya ugonjwa: mweusi unasema petroli imezidi, wa buluu unasema injini inakula oili, mweupe usiokoma unasema maji yameingia kwenye silinda. Gari linalotoa moshi halijazeeka tu, halijatibiwa, na gari linaloandaliwa kwa kilomita 1,500 na zaidi za milima na nyika hutibiwa kuliko yote. Kuhusu mafuta, Burundi imepitia uhaba mkali katika miaka ya karibuni, magari yakipanga foleni kwa siku. Msafara unaoingia Bujumbura kunywa petroli ya mji wakati kama huo utakuwa umekosa adabu, na hakuna hoja ya urithi itakayousafisha. Basi uje na akiba kutoka Tanzania, au ungoje. Adabu ya mgeni ni sehemu ya safari tangu zama za wapagazi.

Jambo la ajabu ni kwamba FIVA yenyewe imeshalisogelea jibu. Hati ya Turin, iliyopitishwa na shirikisho hilo mwaka 2012, inakubali kwamba gari la kihistoria linahitaji matunzo ya kudumu, na kwamba kuliendesha ni sehemu ya kulielewa na kupokezana maarifa yake. Ukisoma hati hiyo kisha ukarudi kwenye sharti la matumizi ya kila siku, unaona pengo. Ikiwa kuendesha kunahifadhi maarifa, anayeendesha mara nne kwa mwaka siku za jua anahifadhi kidogo, na anayeendesha kila asubuhi anahifadhi zaidi. Labda sharti liliwekwa kwa nia njema, kuwazuia wajanja wanaotaka msamaha wa kodi kwa magari ya kawaida. Kodi ni jambo la serikali. Kipimo cha urithi hakipaswi kukatwa kwa mkasi wake. Kwa Afrika Mashariki kipimo bora kingeuliza maswali mengine: gari hili limepita wapi, limetengenezwa mara ngapi, na je, waliolitengeneza bado wapo na wamemfundisha nani?

Kutokana na hayo msafara unapaswa kupangwa kwa namna nyingine. Kwa kawaida makundi ya magari ya kale hupanga njia kwa kufuata hoteli na mandhari, na garaji huwa mahali pa dharura panapotajwa kwa masikitiko. Msafara unaoujua urithi wake ungepanga njia kwa kufuata garaji. Ungesimama Buyenzi siku mbili kabla ya kupanda Bugarama, kila mwenye gari akae na fundi atakayelifungua mbele yake, na wanagenzi waone injini wasizozizoea. Lugha haitakuwa kikwazo. Toka Buyenzi hadi Kigoma, Dodoma na Mombasa gari linaelezwa kwa Kiswahili, hata kama majina ya vipuri yana Kifaransa upande huu na Kiingereza upande ule.

FIVA hutoa kadi ya utambulisho kwa gari linalokubaliwa, yenye jina la mtengenezaji, mwaka, namba ya chasisi na mabadiliko yaliyofanyika. Mabadiliko hayo kwa sasa husomwa kama makosa ya kusamehewa. Ingetosha kuongeza safu moja ndogo kando yake: nani alifanya, wapi, mwaka gani. Seremala wa Itala angekuwa na jina. Na Corolla itakayoegeshwa siku moja mbele ya majaji huko Nairobi, ikiwa na vumbi la Muyinga kwenye matairi, ingewaonyesha kadi yenye mstari mfupi: rejeta, Buyenzi, na jina la aliyeichomelea.